Maji ya Inje, Maji ya Ndani

Mubi, tarehe 8 mwezi wa saba

Kwa Mama Shekinah, ku kilima, Masisi

Mimi niliyetia saini hapa chini, Jean-Marie Kanyamibwa, muzaliwa wa Masisi, mukaaji wa Mubi, mwenye akili timamu na bila kulazimishwa na muntu, natangaza mbele ya familia yangu yote, na mbele ya jirani ambao najua watasogea wakati barua hii itasomwa, kwamba leo saa ine ya asubuhi nimejipatia kalsoni ya kuogelea. Iko ya bulu. Iko na kamba mbele. Naomba kila muntu apokee habari hii kwa uzito wake.

Sasa sababu. Nilimuahidi Shekinah ku Noeli: akiongoza darasa, achague zawadi yeye mwenyewe. Nilitumaini ataomba viatu. Sasa ku proklamasio ya matokeo ameongoza watoto makumi tano na watatu, na yeye hataki viatu. Anataka kile alichoona mu kalendari ya paroasi, ku kanisa: familia nzima ndani ya maji, baba, mama, watoto, na toboga ya kuteremukia, wote wanacheka kama vile hakuna anayewangojea ku nyumba. Neno ya baba haianguke chini. Tutaogelea.

Inabaki kuchagua pahali. Nasikia Papa Yves wa ng'ombe anafunga kijito juu ya shamba yetu na anaita ile kitu pisini ya familia. Inje. Chini ya mawingu, na ng'ombe pembeni. Mimi simuhukumu. Lakini hapa Mubi bosi wangu, Patro Hakorimana, amegeuza depo yake ya zamani ya mizigo kuwa pisini ya ndani: manjanja ya bati juu, sima ya kujengea chini, muziki ku pembe ine, na toboga ya mapipa yaliyopasuliwa na kushonwa na fundi. Mimi njo musimamizi. Funguo iko mu mufuko wangu. Muntu akiogelea ndani, jua haimuoni, mvua haimuoni, na wenye wivu hawamuoni.

Kwa hiyo mukuje mbele ya mwisho wa mwezi wa nane. Mukuje na matandiko yote, sufuria kubwa, jiwe ya kusagia, karatasi za masomo ya watoto, na ile saa ya ukuta. Mbuzi zibaki kwa kaka yangu Marcellin.

Bwana yako mu ndoa takatifu,
Jean-Marie Kanyamibwa


Masisi, tarehe 17 mwezi wa saba

Papa Shekinah,

Barua yako imefika. Samy wa moto ameileta ku pikipiki yake, ikiwa imekunjwa vizuri kuliko namna wewe unakunjaka, kwa hiyo najua aliisoma. Mbele ya kuondoka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba bulu iko rangi ya heshima.

Unamutuma kuniuliza juu ya nini sipigi simu. Rezo siku hizi inapatikana juu ya kanisa tu, pale kwenye jiwe. Muntu akisema na bwana yake pale, bonde nzima inachangia mawazo. Barua iko na musikilizaji mumoja, na huyo tunamujua.

Ile habari ya kalsoni nimeisomea watoto. Prince aliuliza kama wewe njo utaivaa ao ni ya kuonyesha. Nikamwambia tutaona.

Nilienda kuangalia pisini ya Papa Yves kwa macho yangu, juu sipendi kuhukumu kitu kwa masikio. Amejenga ukuta ya mawe na udongo wa mufinyanzi, na maji inapanda nyuma yake polepole, kwa sababu wakati huu wa jua kijito iko nyembamba kama mukia wa panya. Kila asubuhi anapima na fimbo, anaandika ku ubao. Hakuna aliyeingia bado. Itafunguliwa tarehe 15 mwezi wa nane, siku ya Mama Maria kupalizwa, kiisha misa. Toboga yake ni muteremuko wa udongo, amepanga magamba ya migomba, watamwanga maji juu. Kibao kinasema: PISINI YA FAMILIA, NG'OMBE ASUBUHI, WATU MUCHANA. Juzi ng'ombe mumoja aliingia akasimama katikati kutoka saa mbili mupaka saa sita, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumueleza kwamba haijafunguliwa.

Sasa nirudi ku orodha yako. Nimeisoma mara tatu. Kalsoni ni ya kuogelea, ile naelewa. Lakini jiwe ya kusagia, Papa Shekinah, inaogelea namna gani? Na saa ya ukuta, unataka tuiangalie tukiwa mu maji?

Nitakwambia mimi naona nini. Muntu anayeenda kuoga anabeba kitambaa. Muntu anayebeba jiwe ya kusagia hana shauri ya kurudi.

Wewe ulikuwa Mubi wakati tulirudi kutoka Kashuga, kwa hiyo hukuona. Mimi niliona. Tuliacha shamba hii juu ya vita, miaka miwili tukiwa mu kambi chini ya bashi za plastiki, na tulipofika tulikuta muntu mwingine amepanda mutama mupaka mulangoni. Akaniuliza mimi natafuta nani. Nilisimama mbele ya biro ya shefu misimu ine, na mutoto mugongoni, mupaka yule muntu akachoka sura yangu akatoka. Nyumba isiyo na moshi haina mwenyewe. Hakuna aliyeandika hii sheria, lakini njo moja tu inayofuatwa bila polisi.

Sitoke tena. Nakwambia mapema ili usipoteze pesa ya kuita lori.

Wewe njo ukuje, tarehe 15. Na zawadi iko ya Shekinah. Yeye atachagua inje ao ndani.

Anastasie Mukankusi


Mubi, tarehe 25 mwezi wa saba

Mama Shekinah,

Nimesoma. Nimekaa. Nimesoma tena.

Nauliza kitu kimoja: nyumba ya muntu iko wapi? Iko pahali bwana wa nyumba iko. Hata padri alisema, na wewe ulikuwa pale umevaa nyeupe. Miaka mitatu mimi nakula kwa mama wa restora, nafua mwenyewe, naongea na redio. Hapa watu wameanza kuniita selibatere, muntu bila bibi. Mimi, baba wa watoto watatu.

Kwa hiyo nilitayarisha, na nilitaka iwe siku ya furaha mbele useme maneno. Nimepata nyumba ya vyumba vitatu, nyuma ya nyumba ya masomo. Jina ya Shekinah imeandikwa kwa direktere, na ya Noëlla, na ya Prince. Shamba haitakuwa bila moshi: kaka Marcellin ataishika. Nimemuandikia ruhusa. Atakuja na wazee wa familia tarehe 15, kiisha misa, wakati kila muntu atakuwa ameteremuka, waweke mipaka kati yake na vijana wake. Ni kwa muda.

Juu ya pisini, usimudanganye mutoto na matope ya Papa Yves. Jana nimesimama pembeni ya pisini yetu saa nzima. Hakuna mududu. Hakuna jani. Hakuna hata ng'ombe. Ni utulivu mutupu. Mwambie Shekinah: ndani.

Bwana yako,
Jean-Marie


Masisi, tarehe 4 mwezi wa nane

Papa Shekinah,

Ile muda yako imefika na miguu yake. Shemeji Marcellin hakungojea tarehe 15. Alikuja siku ya tatu ya juma, na kamba ya mbuzi na vijiti kumi na mbili, akaanza kupima kutoka kwenye muti wa avoka. Nilimupa kiti. Nilimupa kasiksi, pombe ya ndizi. Sisi tunajua adabu.

Akasema, "Shemeji, mimi nakuja kusaidia tu."

Nikamwambia, "Kwetu muntu anayesaidia anakuja na jembe."

Akacheka, akapima mupaka karibu na jiko yangu. Kijiti cha mwisho alikipiga pale natupaka majivu. Muntu anapoanza kupima majivu yako, ujue ameisha kukuhesabu kati ya wafu.

Sasa usikie, wewe ambaye umesahau namna ya kilima. Wazee wenu, wale wale atakuwa nao, wako na neno moja ambalo hata shefu havunji: mbegu ikiisha kutoka udongoni, shamba haikatwe. Haigawanywe, haipewe muntu, mupaka yule aliyepanda avune. Marehemu baba yako njo alilikumbusha wakati wa kesi ya shamba ya bibi ya jirani Hakizimana, na wewe ulipiga makofi.

Marcellin analijua vizuri. Njo sababu alichagua mwezi wa nane, wakati hakuna muntu anayepanda hata kitunguu.

Basi nimepanda. Jana. Wamama wa zamu yetu ya kulimiana walikuja, majembe kumi na moja. Walinicheka tangu juu mupaka chini, wakauliza kama nataka kukaanga maharagi mu udongo bila sufuria, lakini walilima. Vijiti vya shemeji tuliving'oa vizuri tukavifunga na kamba yake, nikavituma kwake na salamu. Ni kuni nzuri.

Sikatae kwamba wewe ni bwana yangu. Nakataa kutoka tu. Kama unaona ni kitu kimoja, basi hiyo ni kazi yako ya kutenganisha.

Anastasie


Mubi, tarehe 10 mwezi wa nane

Mama Shekinah,

Habari ya maharagi yako imefika hapa mbele ya barua. Shoferi wa lori ya mihogo aliniuliza ku barabara kama ni kweli bibi yangu anapanda mu vumbi. Nikasema sikujui. Mungu anisamehe.

Mwezi wa nane kule Masisi haiko kupanda, ni kuzika. Utanyeshea na nini? Kijito yote iko nyuma ya ukuta ya Papa Yves, inangojea makalio ya ng'ombe. Tarehe 15 wazee watakuta vumbi, na vumbi haina sheria.

Wewe ulikuwa na kichwa nguvu tangu uchumba, mimi nikadhani ni uzuri. Sasa nachoka. Musipokuja, hii njo barua ya mwisho.

Nyumba nimeisafisha. Nimepiga misumari sita ku ukuta: mitano ya nguo, kila muntu wake, na mumoja wa saa.

J.-M.


Masisi, tarehe 17 mwezi wa nane

Kwa Papa mupenzi,

Mama amesema niandike mimi, juu yeye ataandika kwa hasira na wewe utajibu kwa hasira na Samy atakuwa tajiri. Nitakueleza vile ilipita, na sitaongeza.

Kiisha kupanda maharagi, Mama alipanda mulima kwa Papa Yves. Mimi nilikuwa nabeba Prince. Papa Yves alikuwa anapima maji na fimbo, alifurahi sana, alisema imefika ku kifua ya muntu mufupi. Mama akamwambia anataka ile maji. Papa Yves akauliza ndoo ngapi. Mama akasema, yote.

Papa Yves alikaa chini. Alisema Mama Shekinah, watu watakuja tarehe 15, hata wa Nyabiondo, nimetangaza ku kanisa mara tatu. Mama akamuuliza mufereji wa kutoshea maji chafu ya pisini yake unapita mu shamba ya nani. Akasema, yako. Akamuuliza nani alimuruhusu. Akasema, wewe. Kisha Mama akamuuliza kama anaona Marcellin atamuruhusu namna ile. Papa Yves aliweka fimbo yake chini, juu Baba Mukubwa Marcellin alimufungia njia ya ng'ombe mwaka uliopita. Akasema, "Lakini mutoto wako ameiongelea hii maji kila siku. Anakuja kuiangalia kama vile ni yake."

Njo pale Mama alinigeukia. Papa, hakuniangalia kama mutoto. Alisema: "Shekinah, zawadi iko yako. Baba yako alisema uchague. Ukitaka ya ndani, utaenda Mubi, na hatutarudi hapa. Ukitaka ya inje, iko hii. Ukiniambia ibaki, itabaki, na sitakukasirikia. Ukiniambia ifunguliwe, hutaogelea."

Nilikumbuka kalendari. Nakwambia ukweli, nililia kidogo. Halafu nilikumbuka yule muntu wa mutama, juu mimi nilikuwa na miaka nane na nilimuona, alikuwa ananikataza kuchuma avoka yetu. Nikasema, ifunguliwe.

Papa Yves alitoa jiwe ya chini yeye mwenyewe. Aligeuza sura. Maji ilishuka mufereji kwa kelele, na wamama wote walikuwa chini na majembe, wanaiongoza kila mustari, sasa huku, sasa kule, kama wanarudisha mbuzi. Tulifanya vile siku tatu, tunafungua na kufunga. Siku ya tatu ilibaki matope na chura mumoja.

Tarehe 15, kiisha misa, watu wote walipanda. Mama mumoja alivalisha watoto wake kalsoni mu kanisa kabisa, chini ya nguo. Walifika wakakuta shimo. Papa Yves alipanda juu ya ukuta akasema pisini iko mu hatua ya mwisho ya matayarisho. Watu hawakuelewa. Wakaanza kuteremuka kwa hasira, na njia inapita ku shamba yetu, na pale walisimama.

Maharagi yametoka, Papa. Majani mawili mawili, mustari mizima. Kilima yote iko ya rangi ya majivu na shamba yetu iko ya kijani. Watu waliangalia kama wameona muntu amefufuka, halafu wakaanza kucheka.

Baba Mukubwa alifika na wazee wane na kamba mupya. Muzee mumoja, yule wa mukongojo wa chuma, aliinama akagusa jani. Akauliza, "Nani amepanda?" Mama akasema ni yeye. Muzee akauliza umepanda juu ya nini wakati huu. Mama akasema, "Juu niko hapa."

Baba Mukubwa alisema ni ujanja. Muzee akasema ndiyo, ni ujanja, lakini imetoka udongoni. Basi Baba Mukubwa akakunja kamba, akasema ni sawa, atangojea mavuno, miezi mitatu si mingi. Mama akamuomba aangalie vizuri katikati ya mustari. Kati ya maharagi amechomeka vijiti vya mihogo, kila pahali. Nayo imeanza kutoa macho. Mihogo inakaa udongoni mwaka na nusu, Papa. Mama alimwambia: na mbele sijaing'oa, nitakuwa nimepanda kitu kingine pembeni. Muzee wa mukongojo alicheka mupaka akashikwa na kikohozi, wakamuletea maji ya kunywa, na hata hiyo ilikuwa shida kupata.

Hivi njo ilipita. Mimi nilichagua ya inje. Usikasirike.

Una uhakika ile ya ndani iko muzuri? Samy anasema hajawahi kuona muntu anatoka pale na nywele zimelowana.

Mutoto wako,
Shekinah Uwimbabazi


Mubi, tarehe 30 mwezi wa nane

Kwa Shekinah, na kwa mama yake, ambaye atasoma juu ya bega yake,

Samy iko na macho mengi kuliko kazi yake inahitaji. Lakini hakusema uongo.

Mutoto wangu, pisini ya ndani ilikuwa. Ilikuwa na maji wiki mbili, mu mwezi wa tano. Watu waliingia, muziki ilipigwa, mimi nilisimama ku mulango na firimbi. Halafu pompe ilikufa, na Patro akasema kuleta ingine kutoka Goma ni upuuzi, na akakumbuka kwamba depo ni depo. Wakati niliandika barua ya kwanza kulikuwa tayari mifuko ya sima mu ile shimo, imepangwa vizuri, mupaka juu. Mimi njo nailinda. Niliandika kwamba hakuna mududu wala jani, na haikuwa uongo. Toboga iko bado. Mapaka yanalalia pale.

Nilijiambia wakifika watakuwa wamefika. Watalia siku moja, halafu watatundika nguo ku misumari. Sikufikiri zaidi ya misumari.

Anastasie, ile barua ya Shekinah nimeisoma mbele ya watu wa restora, juu nilianza kuisoma na sikuweza kunyamaza. Pale muzee alikuuliza juu ya nini umepanda, mama wa restora alipiga meza. Shoferi wa lori aliniuliza kama bado sikujui. Nikamwambia nakujua. Nikamwambia huyu njo bibi yangu, aliyefungwa nami mbele ya padri, na mimi njo mujinga anayemulindia Hakorimana sima.

Sikujua habari ya kijiti mu majivu. Marcellin aliniandikia kwamba ulikubali.

Samy analeta pamoja na hii karatasi ingine, kwa wazee. Nimeandika kwamba ile ruhusa niliyompa kaka yangu imekufa, kwamba shamba yote, kutoka avoka mupaka kijito, inashikwa na Anastasie Mukankusi na watoto wake, mimi nikiwa hai ao nikiwa nimekufa, nikiwa Masisi ao Mubi. Nimetia saini, shoferi ametia saini, mama wa restora ameweka kidole. Uisomeshe mbele ya watu wengi.

Patro anataka nimalize mwezi wa kumi. Kiisha pale, kama kuko pahali pangu, nitakuja. Siulizi kama bwana wa nyumba. Nauliza tu.

Jean-Marie


Masisi, tarehe 22 mwezi wa tisa

Papa Shekinah,

Karatasi yako imesomwa. Sikuipeleka ku biro, juu ku biro karatasi inalala. Niliomba isomwe mbele ya kanisa siku ya yenga, watu wakiwa bado wamesimama, na muzee wa mukongojo njo aliisoma, polepole, na pahali inasema "nimekufa" alikohoa kwa heshima. Marcellin alisikiliza kofia ikiwa ku kichwa. Kiisha aliniuliza kama nina kasiksi. Nilimupa. Amechukuliwa shamba mbele ya watu, angalau anywe.

Sasa nijibu kile ulichouliza, na nitakujibu bila kupamba.

Ulinidanganya mu barua mbili. Ulitaka kuniondoa ku kilima na toboga ya mapipa, mimi ambaye hata bunduki hazikunitoa mara ya pili. Kama ningekuwa bibi wa kusikia, leo tungekuwa watu watano mu vyumba vitatu, tunaangalia mifuko ya sima, na Marcellin angekuwa anakula avoka. Hilo silisahau, na usingojee nilisahau. Nitalikumbuka hata ukiwa muzee hauna meno, na nitakutafunia chakula nikiwa nalikumbuka.

Lakini ile ya misumari niliisoma mara mbili.

Kuja. Hakuna muntu aliyesema hakuna pahali. Ukifika, hutaingia kama mugeni, na hutaingia kama direktere. Kuna mustari minane kule chini karibu na kijito haijapaliliwa. Jembe iko mu kona, mupini wake umelegea. Usipite kwanza kwa Marcellin. Na Shekinah utamuomba musamaha wewe na yeye, bila mimi, juu yeye njo alilipa, na hakulia tena tangu ile siku, na mutoto asiyelia ananiogopesha kuliko anayelia.

Masomo imeanza. Noëlla iko na mwalimu mupya anayepiga kelele. Mbuzi ya madoa imezaa. Mvua imefika tarehe 9, siku mbili usiku na muchana, na ukuta ya Papa Yves haikuvunjika, kwa hiyo sasa anatembea kama injinyere. Maji imerudi, imepita ile alama ya zamani ku fimbo. Amefungua siku ya posho, Jumamosi iliyopita, watu wote waliitwa upya, na mbele yao alisema mutoto wa kwanza kuingia atakuwa Shekinah, juu ile maji ya kwanza ilikuwa yake na aliitoa. Watu walipiga makofi. Hata wale wa Nyabiondo, ambao hawajui ni juu ya nini.

Yeye alikataa. Alisema zawadi ilikuwa familia nzima, baba ndani, na atakungojea. Alishikilia neno lake hivyo siku ine.

Anastasie Mukankusi

N.B. Jana, siku ya tano, Shekinah alibadilika. Wakaingia wote watatu, nami nilikuwa nawafuata. Maji iko baridi sana. Walitoka mbele sijamaliza kuvua viatu.